Himbi au Katindo: jinsi tulivyotafuta mtaa wa kulea watoto Goma

Tuliishi Mabanga Sud, mtaa mmoja wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa miaka kumi na mmoja, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano, na kama si asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021 nadhani tungekuwa huko hadi leo. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulikuwa umekwisha kulipuka tangu jioni ya tarehe 22, lava ilikuwa imesimama Buhene, karibu sana na uwanja wa ndege, nasi tulikuwa tumeanza kuzoea matetemeko yaliyogonganisha sahani kabatini usiku na mchana. Ndipo gavana alipotangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma ihame mara moja, kwa kuwa magma, yaani miamba iliyoyeyuka, ilikuwa imegunduliwa chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Mabanga Sud ilitajwa. Tulifunga mlango, tukampandisha mama mkwe wangu kwenye pikipiki pamoja na mtoto mdogo, na sisi wengine tukashika barabara ya Sake kwa miguu, kilomita zaidi ya 20, tukiwa na godoro moja na sufuria mbili.

Tuliporudi mwezi wa Juni tulikuta nyumba iko salama, isipokuwa bidoni zetu nne za maji zilikuwa zimetoweka. Lakini mama mkwe, ambaye mwaka 2002 aliona duka la marehemu mume wake likimezwa na lava katikati ya mji, alikataa kufungua mzigo wake. Aliuweka uani, akakaa juu yake, akasema: “Wanangu, mara mbili zinatosha. Mnitafutie mahali ambapo nitalala nikiwa nimevua viatu.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutafuta nyumba. Mume wangu ni dekleran, hushughulikia mizigo ya wafanyabiashara forodhani kwenye mpaka wa Rwanda, pale Grande Barrière, nami nafundisha kemia katika shule ya sekondari. Tuna watoto watatu, ambao wakati huo walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, minane na mitatu. Tulitaka mtaa mtulivu, parseli, yaani kiwanja cha nyumba, yenye uzio, mahali pasipo na baa jirani, na kodi isiyozidi dola 300 kwa mwezi. Tena tulitaka mtaa usiokuwemo katika ile orodha ya mitaa 10, ingawa nakiri kwamba kigezo hicho kilikuwa cha hofu kuliko cha elimu, kwa sababu orodha ya mlipuko mmoja haiwezi kuwa ahadi ya mlipuko unaofuata. Baada ya wiki tatu za kuzunguka tulibakiwa na majina mawili, Himbi na Katindo, na yote mawili hayakuwa yametajwa siku ile.

Mgeni akiuliza mtaa mtulivu wa Goma ni upi, wengi watamwambia Himbi. Ni mtaa ulio upande wa magharibi wa mji, unaoshuka hadi ziwani, wenye kuta za mawe meusi zilizofunikwa na maua, nyumba nyingi zilizopangishwa kwa mashirika ya misaada, na zamu, yaani mlinzi, aliyekaa kwenye kila geti. Katindo iko upande wa ndani, mbali kidogo na maji. Ina nyumba za zamani za watumishi wa serikali na za wafanyabiashara wa kadiri, ina kambi ya wanajeshi inayojulikana kwa jina hilohilo, na watu wake wengi hukaa muda mrefu kiasi kwamba avenyu nzima, yaani njia nzima ya mtaa, humjua mtoto aliyevunja kioo ni wa nani.

Komisioneri wetu, yaani dalali wa nyumba, kijana mwenye maneno matamu na daftari lililochakaa, alianza na Himbi. Alituteremsha kwa njia nyembamba hadi kwenye parseli iliyokuwa kama imekaa ndani ya bakuli, ardhi ikiwa imeinuka pande tatu na kushuka taratibu kuelekea ziwani. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, sebule pana, mti wa parachichi na majani mabichi yaliyokatwa vizuri. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa jirani, na upande wa pili kiwanja kitupu. Hakukuwa na sauti yoyote ila ya ndege na ya maji. Binti yetu mkubwa, Neema, alipanda juu ya jiwe, akaona ziwa, na kuanzia hapo hakusikiliza tena neno la mtu. Mwenye nyumba alitaka dola 300 na garanti, yaani amana, ya miezi sita. Baba Neema alinitazama kwa jicho la mtu ambaye amekwisha kuhamia.

Mama mkwe hakuingia ndani. Alizunguka uani akiwa ameinamisha kichwa, akafika kwenye kona iliyokuwa chini kuliko zote, karibu na kile kiwanja kitupu, akaniita. Palikuwa na mjusi mfu mmoja, kisha mwingine, na nzige wengi waliokauka. Akamwuliza komisioneri kwa nini kiwanja cha karibu na ziwa, katika mtaa ambapo watu hupigania hata kipande cha kuegesha gari, kilikuwa hakijajengwa. Kijana akajibu kwamba wenyewe wako Kinshasa. Akamwuliza tena kwa nini nyumba yenye uani mkubwa namna ile haikuwa na hata kuku mmoja. Kijana akacheka, akasema kwamba watu wa Himbi hununua kuku waliokwisha kuchinjwa. Mama mkwe hakucheka. Alinigeukia, akasema polepole: “Mama Neema, hapa pana mazuku.”

Kwa msomaji asiye wa huku, mazuku ni jina ambalo watu wa kando ya ziwa hili wamelipa hewa mbaya inayoua mtu au mbuzi bila kelele wala alama. Wazee walisema ni upepo wa wabaya. Mimi hufundisha darasani kwamba ni kaboni dioksidi, gesi ileile inayotia mapovu katika soda, ambayo hapa kwetu hupanda kutoka chini kabisa kupitia nyufa za ardhi ya volkano. Haina rangi. Wala haina harufu inayoweza kumwonya mtu. Ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, na kwa sababu hiyo hutiririka kama maji, ikajaa mabondeni, katika vyumba vya chini ya ardhi na katika mashimo ya fosi, yaani ya choo, ikabaki humo mpaka jua na upepo viitawanye. Kwa hiyo mahali ambapo saa sita mchana watoto wanaweza kucheza bila shida, alfajiri panaweza kumwangusha mtu mzima aliyeinama kuokota kitu. Katika hewa ya kawaida gesi hii haifiki hata sehemu moja katika elfu, lakini ikifika sehemu kumi katika mia, mtu huzirai baada ya dakika chache, na yapo mazuku yenye kiasi kikubwa kuliko hicho. Mtu aliyesimama anaweza kuwa na kichwa katika hewa safi huku mtoto wa miaka mitatu, aliye kando ya goti lake, anazama.

Ni lazima niseme hapa, kwa ajili ya rafiki zangu wa Himbi ambao watanigombeza, kwamba jambo hili si la mtaa mzima. Mazuku yanajulikana sehemu nyingi za pwani hii ya kaskazini ya Kivu, kuanzia magharibi ya mji hadi Keshero, Lac Vert, Mugunga na kuendelea kuelekea Sake, lakini hukaa mahali mahali, katika nyufa na katika mabonde, na maelfu ya watu wanaishi Himbi juu ya ardhi iliyoinuka bila kuwahi kuumwa hata kichwa. Mwalimu mwenzangu amelea watoto wanne huko. Kama tungepata nyumba ya pale juu kwa bei ile, huenda ningekuwa naandika mambo mengine kabisa. Shida yetu ilikuwa kwamba nyumba za juu zilianza dola 500, na ile tuliyoonyeshwa ilikuwa rahisi kwa sababu ambayo hakuna aliyetaka kuitamka.

Sikutaka kuhukumu nyumba ya mtu kwa sababu ya mijusi wawili. Nilimwomba zamu aturuhusu kurudi, na siku ya tatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya jua, mimi na Baba Neema tulifika na taa ya mafuta tuliyoifunga kwenye ufito mrefu wa mita tatu. Ndani ya nyumba taa iliwaka vizuri katika vyumba vyote, hata sakafuni. Uani, karibu na parachichi, iliwaka pia. Kwenye ile kona, tukiwa tumesimama juu ya jiwe na kuishusha kwa ule ufito, mwali ulianza kupungua ulipofika kimo cha goti, ukawa mdogo kama punje ya mahindi, na kabla taa haijagusa majani ulikatika. Tuliiwasha tena, tukarudia. Ulikatika palepale, kana kwamba mtu ameutumbukiza katika maji.

Naomba mtu asichukue jambo hili kama kipimo cha kumtosha. Taa inapozimika, hewa ya mahali hapo imekwisha kuwa ya kuua, na kabla ya kufika kiwango hicho kuna kiasi kinachotosha kumtia mtu maumivu ya kichwa na kizunguzungu ilhali taa inawaka kama kawaida. Ndiyo maana sisi hatukuteremka. Taa ilituambia mahali ambapo tusikanyage, lakini haikuweza kutuambia kwamba pengine pote palikuwa salama.

Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole sana, hakukana. “Madamu,” aliniambia, “kila nyumba ina kona yake. Waliotangulia walikaa miaka minne. Walilala juu ya vitanda virefu, na watoto waliambiwa wasicheze kule asubuhi.” Kisha akashusha kodi hadi dola 250. Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipogombana kweli, kwa sababu yeye aliona kwamba hatari inayojulikana inaweza kuzungushiwa ukuta, na kwamba tukimwaga malori mawili ya udongo kwenye kona ile tutakuwa tumelimaliza jambo. Alisema pia, na hakukosea, kwamba tulikuwa tumeishi miaka kumi na mmoja kwenye njia ya lava bila kujisumbua hivi, na kwamba ziwa lenyewe limebeba kaboni dioksidi na methani nyingi katika vilindi vyake, kwa hiyo anayetaka kuikimbia gesi ahame Goma yote. Mama mkwe alimjibu kwamba la ziwa ni letu sote, lakini la kona ile lingekuwa la mjukuu wake peke yake.

Mimi nilikuwa na sababu kavu zaidi. Gesi inayopanda kwa ufa haizuiliwi na udongo. Itatafuta mahali pengine pa kutokea, labda chini ya chumba cha watoto. Tena mpangaji hana mamlaka ya kujaza wala kubomoa katika parseli ya mwingine, na gharama atakayotia humo haitarudi pamoja na garanti.

Katindo tuliiona mara ya kwanza saa nane mchana, na nitasema ukweli kwamba nilivunjika moyo. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, saruji ya sakafu ilikuwa imepasuka, mabati yalikuwa yameshika kutu, jambo ambalo mvua iliyopita katika moshi wa mlima huliharakisha, na mwenye nyumba, mama mjane, alikuwa akiishi katika parseli hiyohiyo upande wa mbele. Hakukuwa na bustani wala mti wa kivuli. Kodi ilikuwa dola 220. Nilimwambia komisioneri kwamba tutafikiri, maneno ambayo kila komisioneri anajua maana yake.

Lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda cha jirani aliyekuwa akiuza makaa na mboga za lengalenga kwenye kona ya avenyu, na alikaa hapo karibu saa nzima. Aliporudi alikuwa na habari ambazo komisioneri asingetupa hata kwa dola mia. Alijua wezi walikuja lini mara ya mwisho na jinsi walivyofukuzwa kwa sufuria zilizopigwa kutoka nyumba hadi nyumba. Alijua kwamba robineti ya umma hutoa maji usiku zaidi kuliko mchana na kwamba mama mjane ana tangi ambalo wapangaji wanaruhusiwa kuchota. Alijua nyumba zilizowapokea ndugu waliohamishwa kutoka Majengo na Virunga mwezi wa Mei, na kwamba katika parseli ile walikuwa wamelala watu kumi na tisa kwa wiki moja bila ugomvi. Alijua pia kwamba nyumba ya tatu kutoka pale ni chumba cha maombi chenye spika kubwa.

Tulirudi usiku wa Jumamosi kuisikia hiyo spika. Ilinguruma mpaka karibu saa nne, ikanyamaza, na baada ya hapo avenyu ikawa kimya kweli, kimya cha nyumba nyingi zilizolala pamoja. Himbi usiku tuliikuta kimya kuliko hapo, lakini mume wangu mwenyewe, tulipokuwa tukitoka, aliuliza jambo lililonishangaza kwa kuwa lilitoka kwake: mtu akivamiwa nyuma ya kuta hizi za mita tatu, ni nani atakayesikia? Katika mji wetu swali hilo si la woga. Tangu hapo sikuusifu tena ukimya wa mahali kabla sijajua unatokana na nini.

Juu ya maji nitasema machache, ingawa ndiyo yaliyonisumbua zaidi katika hesabu. Goma imejengwa juu ya lava inayonyonya mvua kama sifongo, haina kijito wala kisima cha kuchimbwa kwa jembe, na karibu maji yetu yote hupandishwa kutoka ziwani. Familia yetu hutumia bidoni kumi za lita 20 kwa siku. Himbi maji yako karibu na bei yake ni ndogo. Katindo kijana wa chukudu, chombo cha mbao cha kusukuma mizigo, lazima ayasukume akipandisha, na jasho lake hulipwa. Tangi la mama mjane lilipunguza tofauti hiyo bila kuiondoa. Umeme ulikuwapo kote kuwili, kwa mita za kashi pawa, yaani za kulipia kabla, kwa hiyo haukupima kitu. Shule ilipima: kutoka Himbi Neema na mdogo wake wangehitaji pikipiki kila asubuhi, na kutoka Katindo wangetembea.

Kabla ya kutoa neno la mwisho nilimwomba mama mjane aniruhusu kuishusha taa katika shimo la fosi na nyuma ya jiko, alfajiri, kama tulivyofanya kule. Alinitazama kama mtu mwenye wazimu, kisha akasema kwamba marehemu mume wake alifanya vivyo hivyo alipoinunua parseli. Nyuma ya jiko taa iliwaka. Katika fosi ilififia kidogo, jambo lisilo la ajabu kwa fosi yoyote, nasi tukakubaliana kwamba mfuniko wa saruji usiinuliwe na mtu asiye fundi.

Tuliandika kontra ya kupanga mwezi wa Agosti. Nilisisitiza mambo mawili yaandikwe kwa mkono wa mama mjane mwenyewe mbele ya mkuu wa avenyu: kiasi cha garanti pamoja na muda wa kuirudisha, na orodha ya vitu vilivyokuwa vimeharibika kabla hatujaingia, hadi kioo cha dirisha la sebule na bawaba ya mlango wa nyuma. Baba Neema aliona aibu. Katika nyumba ya kwanza tuliyopanga baada ya ndoa, tulipoteza garanti ya miezi mitatu kwa sababu ya nyufa tulizozikuta, na tangu siku hiyo sina aibu ya karatasi.

Ninaandika haya mwezi wa Machi 2022, tukiwa tumekwisha kukaa miezi saba. Spika ya maombi imenifundisha kusahihisha madaftari kabla ya saa moja jioni. Tarumbeta ya kambi hutuamsha mapema, na mama mjane ana sheria kuhusu kamba ya nguo ambazo sijazielewa zote. Mtoto wa miaka mitatu ana kovu la goti kwa sababu uani wetu ni mawe matupu. Mume wangu hutaja mti wa parachichi kila tunaponunua parachichi sokoni. Ile nyumba ya Himbi ilipata mpangaji mwezi wa Septemba, na nilikwenda kumwona, mama kijana mwenye pacha wanaotambaa. Nilimwonyesha kona, nikamweleza habari ya taa. Alisikiliza vizuri, akanishukuru, akasema komisioneri hakumwambia lolote. Wiki iliyofuata nilipita tena nikakuta wamezungushia kona ile senyenge na kuweka bati.

Neema hajasamehe. Kwa ajili yake, kila Jumapili baada ya misa tunateremka Himbi kwa miguu, tunafika ziwani saa nne jua likiwa limekwisha kupanda, tunanunua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, watoto wanaingia majini, na mama mkwe anakaa juu ya mwamba mrefu kuliko yote. Saa kumi anaanza kukusanya nguo na kuwaita mmoja mmoja kwa jina. Akifika nyumbani anavua viatu mlangoni, anaviweka chini ya kitanda, na analala.